Zawadi Hutangazwa Kama Ilivyo

Sindano iliingia kwenye ncha ya kidole cha Fuatino, ikatokea upande wa pili, naye akaendelea kucheka. Alikuwa anamcheka Bibi Punipuao, ajuza aliyekaa naye goti kwa goti katika nyumba ya kusukia, ambaye hakuna asubuhi aliyoiacha ipite bila kutega kitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitika wanawake wote, mikono ikiwa kazini.

"Nina watumishi kumi. Sijawalipa hata siku moja, lakini siku wakigoma nalala na njaa."

"Vidole!"

"Mama," akasema Lagimaina, binti yake Fuatino, "unatoka damu."

Fuatino akatazama. Alikuwa akishona manyoya mekundu kwenye upindo wa mkeka, na kwanza alidhani ni unyoya ulioanguka. Kumbe ni tone la damu, dogo kama mbegu ya papai, limeketi katikati ya mkeka mweupe aliousuka kwa miezi tisa. Miyaa ya mkadi aliichana nyembamba kama uzi, akaianika, akaisuka mpaka mkeka ukawa laini kama kitambaa cha madhabahu. Akaichomoa sindano. Hakusikia kitu. Akakibonyeza kidole kwa kucha. Kimya, kama anabonyeza kidole cha mtu mwingine.

Wakati huohuo Etevise akaingia, kwapa moja limebeba katoni ya makopo. Etevise ndiye mwenye duka la kijiji, na alasiri hiyo alikuwa anafungua duka jipya la ghorofa, juu vioo, chini marumaru. Kila nyumba ilipangiwa kumpelekea mkeka. Na ili mikeka iwahi, yeye mwenyewe ndiye aliyewauzia wasukaji vitu vya kuwatia nguvu: vidonge vya mifupa vya chupa ya njano, unga wa misuli wa kukoroga, na kile kinywaji cha kopo jekundu, Radi.

"Hamjambo, wanawake wa chuma!"

"Hatujambo, mama wa ghorofa!"

"Etevise," akasema Fuatino, "nimejidunga, nisisikie."

"Si afadhali! Mwenzio angelia." Wanawake wakacheka. "Ni uchovu huo, dada. Ongeza kidonge kimoja jioni. Vitamini hazizidi bwana, zikizidi unazikojoa."

"Ndiyo maana wangu una rangi ya kiini cha yai," akasema mmoja. "Kumbe namwaga mali!"

Kicheko kikapasuka tena. Fuatino hakucheka. Alikuwa akimtazama Lagimaina, aliyenyoosha mkono kupokea kopo lake. Kopo likamponyoka. Akaliokota, likamponyoka tena.

"Linateleza tu, Mama," akasema binti, macho chini.

Kopo lilikuwa kavu kabisa.

Fuatino akaukunja mkeka. Akatia kwenye kikapu chupa ya njano, pakiti ya unga na kopo moja la Radi, akatoka. Wenzake walidhani anakwenda kujisaidia.

Muuguzi wa zahanati, Siamoa, alimwambia afumbe macho.

"Nikikugusa kwa pamba, sema."

Fuatino akangoja. Akangoja sana.

"Anza basi, mwanangu."

"Nimeshakugusa mara tano, mama."

Siamoa akavaa miwani, akaisogeza chupa dirishani, kisha pakiti, kisha kopo. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya sisimizi. Akayasoma mara mbili, akavua miwani.

"Unakula vyote vitatu?"

"Kila kimoja na kazi yake. Hivi vya mifupa. Hii ya misuli. Hii ya kuamka."

"Rangi tatu, mama, lakini ndani ni kitu kimoja. Hivi vyote vimetiwa vitamini ya B sita, iliyotengenezwa maabara. Kidonge kimoja peke yake kina ile ya siku hamsini. Ukiongeza unga, ukiongeza makopo matatu kwa siku... hii haiishii yote chooni. Ikizidi hivi, miezi na miezi, inakula mishipa ya fahamu. Inaanzia kwenye ncha za vidole na nyayo."

"Na ikishakula?"

"Acha leo. Huenda hisia zikarudi polepole. Huenda zisirudi zote. Nakuambia kweli kwa sababu wewe ni wa saba mwezi huu."

"Saba! Nyumba moja ya kusukia, wasiambiane?"

"Nani aseme? Akisema mikono imekufa ganzi ataitwa mvivu."

Ni kweli. Hata yeye Fuatino tangu Pasaka vidole vilikuwa kama vimevaa soksi, naye akafunga mdomo, akaongeza kidonge.

"Mzuie basi asiuze."

"Mimi naandika tu kwenye daftari. Nenda ofisi ya ukaguzi, mjini."

Mjini nauli ilikuwa imepanda, na mkate nao, na samaki wa kopo ndiyo usiseme. Fuatino alisimama kwenye foleni ya dirisha moja wakati madirisha matatu yamefungwa. Mkaguzi alikuwa kijana nadhifu, shati la maua limepigwa pasi. Akaigeuzageuza chupa ya njano.

"Hii imefunguliwa."

"Nilikuwa nakula vilivyomo, baba. Ningelaje bila kuifungua?"

"Sheria inataka iliyofungwa. Na risiti. Na barua ya daktari, siyo muuguzi."

"Daktari anafika lini?"

"Jumanne. Akifika." Akaisukuma chupa nje ya dirisha. "Halafu, mama, hata hivyo hivi si dawa. Vingekuwa dawa, ungekwenda ofisi ya dawa."

"Basi ni chakula?"

"Vingekuwa chakula vingekuwa vyetu."

"Sasa ni nini?"

"Ni nyongeza," akasema mkaguzi, kama mtu aliyemaliza kazi. Pembeni ya kiwiko chake kulikuwa na kopo la Radi, limetoka jasho la friji, limekalia kadi ya mwaliko yenye picha ya ghorofa. Akaona macho ya Fuatino yalipotua. "Ah, mwenye ghorofa hii ni wa kijijini kwenu, eh? Tutaonana alasiri basi. Nami nimealikwa."

Kuna hasira ya moto, ya kupiga kelele na kuvunja vyombo; hiyo huzimwa na chozi. Na kuna hasira ya baridi. Hii haina sauti. Mwenye nayo hutembea polepole, huamkia watu vizuri, hata hufagia uani. Fuatino alifika kwake na hii ya pili.

Akaanza kukusanya. Kwenye nyumba za wasukaji chupa haitupwi. Katika zile chupa za njano alikuwa ametia vifungo, manyoya, chumvi, mafuta ya nazi, mbegu za pilipili. Akazimwaga zote mezani, moja baada ya nyingine. Makopo matupu yalikuwa kwenye gunia nyuma ya jiko.

"Mama, unafanya nini?" Lagimaina akauliza.

"Naandaa zawadi."

"Na mkeka?"

"Unakwenda pia. Nipe mkono wako." Akamshika binti yake vidole, akaminya, yeye asisikie. "Wewe umenisikia?"

Lagimaina akakawia kujibu. "Kidogo," akasema. Na huko kukawia ndiko kulikomaliza maneno.

Mtangazaji wa zawadi kijijini alikuwa Mzee Tauanuu, mwenye fimbo ndefu na koo la tarumbeta. Yeye hakuwa na upendeleo. Chochote kikiwekwa mbele ya fimbo yake alikitangaza kama kilivyo, kwa idadi yake na nyumba iliyokileta. Nguruwe akikonda, hutangazwa amekonda. Mwaka fulani nyumba moja ilileta katoni ya samaki iliyopungua makopo mawili, akatangaza, "Katoni moja, imepungukiwa mawili!" Watu wale walihama kanisa.

Alasiri jua lilikuwa linawaka kwenye vioo vya ghorofa. Wazee wameketi kivulini, mkaguzi wa mjini katikati yao, na kwa kila mgeni kopo jekundu. Etevise alikaa mbele, shada la maua shingoni. Nyumba moja moja ikapita na mkeka wake, na Mzee Tauanuu akaunguruma, na watu wakapiga vifijo.

Fuatino akaingia na Lagimaina, mkeka umekunjwa mikononi, mzito kupita kawaida. Wakaukunjua mbele ya fimbo.

Kwanza watu waliuona mkeka. Wanawake wakaguna kwa uchu, maana tangu Bibi Punipuao awe kijana haujasukwa wa namna ile. Hata tone la damu lilionekana, kwani hakuwa amelifuta. Kisha zikaanza kubingirika: chupa za njano, makopo, pakiti zilizopasuliwa, zikagongana juu ya marumaru mpaka miguuni kwa Etevise.

"Mkeka ni wangu, narudi nao," akasema Fuatino. "Zawadi ni hizo."

Kuonyesha mkeka kisha kuurudisha nyumbani! Afadhali kumtemea mtu usoni.

"Mwondoeni," akasema Etevise, tabasamu limeganda. "Ana wivu, maskini. Mzee, endelea na nyumba nyingine."

Mzee Tauanuu hakuendelea. Alitazama chupa. Kisha akatazama miguu yake. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili, wa pili mtupu. Miezi mitatu sasa alikuwa akipoteza kandambili njiani bila kujua, na watoto wakimcheka kuwa amezeeka. Akainama, akaokota chupa ya njano, akaisoma jina kama mtu aliyekutana na mtu anayemfahamu.

"Mzee!" Etevise akafoka.

Fimbo ikagonga sakafu.

"Nyumba ya Fuatino!" koo likafunguka. "Chupa thelathini na moja za vidonge vya mifupa, tupu! Makopo ya Radi, gunia zima, matupu! Pakiti za unga wa misuli, tupu!" Akamgeukia Fuatino. "Kuna kingine?"

"Vidole kumi vyangu. Na vya binti yangu."

"Vidole ishirini, visivyosikia!" Akavuta pumzi. "Na miguu miwili ya Tauanuu!"

"Kitendawili!" akapaza Fuatino.

"Tega!" wakaitika watu, kwa mazoea tu, hata wazee.

"Si dawa, si chakula, kinaliwa kila siku, na kikikudhuru hakina ofisi."

Bibi Punipuao, aliyejua majibu yote ya dunia, aliliweka kopo lake chini taratibu, kwa mikono miwili. Mwanamke wa pembeni yake akaweka lake. Mkaguzi wa mjini naye akalisukuma la kwake chini ya kiti. Baadaye muziki ulipofunguliwa kwa nguvu, alionekana akiinama kulichukua, akalitia mfukoni.

Kabla jua halijatua baraza la wazee lilikuwa limekwisha kukaa. Mwenye nyumba asifedheheshwe siku ya nyumba yake. Huo ndio utaratibu. Fuatino akatozwa faini ya katoni kumi za samaki wa kopo, zikamilike kabla ya Krismasi. Juu ya vidole baraza halikuwa na neno. Etevise hakuulizwa kitu, na duka lingefunguliwa kesho saa mbili asubuhi.

Aliyetumwa kuleta habari ni Mzee Tauanuu. Alisimama uani, amekwepa macho.

"Pole, mwanangu. Nilisema yangu, wakanishinda."

Fuatino alikuwa akiukunja mkeka. Kidole kilikuwa kinatoka damu tena na hakujua, mpaka Lagimaina alipokifunga kitambaa.

"Mzee," akauliza, "faini nayo hutangazwa?"

"Hutangazwa. Mbele ya watu, na sababu yake."

"Kama ilivyo?"

Mzee akainua macho. "Kama ilivyo."

"Na ni lazima niilete yote mara moja?"

"Baraza limesema kabla ya Krismasi. Halikusema mara ngapi."

"Basi nitaleta katoni moja kila Jumapili," akasema Fuatino. "Watu wakitoka kanisani."

Mzee Tauanuu akahesabu kwa vidole, Jumapili kumi. Akauangalia mguu wake mtupu, akakohoa, akajaribu koo.

"Koo lingali zima," akasema.