Pindo la Buluu

"Hii harusi au matanga?"

Mama Adnan, mama mkwe wangu mtarajiwa, aliuliza hivyo akiwa bado mlangoni, macho kwenye gauni langu jeusi lililotandazwa juu ya godoro. Miberoshi ya kijiji chetu, alama yetu tangu zamani, iliyotariziwa ilipanda kutoka pindoni hadi kifuani safu kwa safu, na yote ilikuwa ya buluu.

Bibi Nazmiya hakuinua kichwa kwenye sindano. "Karibu chai," alisema.

Katika kambi yetu ya wakimbizi ya Baqaa hakuna asiyejua maana ya buluu. Mwanamke akifiwa na mume huweka kando uzi mwekundu, akatarizi kwa buluu mpaka huzuni imtoke. Siku bibi na babu walipofukuzwa kijijini na wanajeshi, babu alirudi nyuma kuwafungulia mbuzi, asionekane tena. Bibi akalichovya gauni lake la harusi kwenye nili. Wajane wenzake walirudia nyekundu, wengine wakaolewa tena. Yeye alisema nyekundu ataishona akirudi nyumbani. Nami nilitaka miberoshi yetu, na mikono mingine iliyojua kuitarizi ilikuwa imeshazikwa; alibaki bibi tu.

"Mwanangu haoi mjane, dada yangu," Mama Adnan alisema. "Kama ndilo hili, bora nimnunulie bibi harusi la dukani, mjini Amman."

"La dukani lina miti ya kijiji gani?"

"Ya kijiji cha furaha!"

Alipoondoka nililia kwa aibu na hasira. Nilimpenda Adnan, na nilimpenda bibi, na gauni lilikuwa moja.

"Bibi, eda gani hii isiyokwisha? Babu mwenyewe angekuchoka."

Nilidhani atanichapa. Alicheka kidogo, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, kisha akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Angenichoka kweli, yule. Hakuwa na subira hata ya chai kuchemka. Nipe mkasi."

Alifumua kifua chote. Akakaa dirishani siku baada ya siku, akiusogeza uzi mwekundu karibu kabisa na macho yake mabovu, na miberoshi ikarudi mmoja mmoja. Siku ya hina alinikabidhi gauni. Kifua kiliwaka kwa nyekundu. Chini, kuzunguka miguu, buluu ilikuwa palepale.

"Bibi, umesahau pindo."

"Sijasahau. Kifua ni chako, na babu yako nimemaliza kumlilia. Pindo ni la miguu, mwanangu. Miguu bado haijafika kijijini."

Siku ya harusi Mama Adnan aliliona pindo lile. Nikajikaza kusubiri neno lake. Yeye naye alizaliwa katika kijiji ambacho hakipo tena. Alipiga magoti, akalikung'uta vumbi, akalinyoosha vizuri ili lionekane.

Mwezi ujao binti yangu Rula anaolewa. Gauni lake nimelitarizi kifua, nikamwachia pindo alimalize mwenyewe. Sikumwambia rangi. Jana nilimkuta dirishani, kopo la nyuzi mapajani, ameshaanza kwa buluu.