Sarafu Shingoni mwa Semhal

Sarafu niliiba Jumatatu, na wizi wenyewe siujutii. Nilikuwa nachekecha udongo wa machimbo ya mambo ya kale hapa Aksum, ikabaki kwenye chekeche: ya shaba, ndogo kama ukucha, ina tundu, uso wa mfalme uko wazi hata jicho unaliona. Nikaitia mdomoni. Jioni nikaifunga kwenye uzi wa ubatizo anaovaa shingoni binti yangu Semhal. Nimezika watoto wawili kabla yake, naye alikuwa na homa siku ya tatu. Bibi zetu wote walifanya hivyo wakiokota sarafu shambani.

Alhamisi, tukinywa kahawa, msimamizi wetu Yordanos akatandaza sarafu mbili kwenye kitambaa.

"Abrehet, wewe mwenye maneno, hizi zina nini?"

"Tundu. Hata mbuzi wangu angeona."

"Basi kesho namwajiri mbuzi. Hebu zigeuze."

Moja ilikuwa imelika upande mmoja, laini kabisa. Ya pili ilikuwa kali pande zote.

"Tumezitoa makaburini, shingoni mwa watoto," akasema. "Hii ililala kifuani miaka, ngozi ikaila. Mwenyewe alishaota meno ya ukubwani. Hii nyingine haikupata muda. Mtoto wa miezi tu. Na udongo wa pale bado mnauchekecha, kwa hiyo fungueni macho."

Ile niliyoiba ilikuwa kali vilevile, pande zote. Nikasingizia tumbo, nikatoka mbio. Njia nzima nilijitukana, maana nilikuwa nimefurahi mfalme kuonekana vizuri.

Mama mkwe wangu, Letekidan, alikuwa mlangoni amempakata Semhal.

"Homa imeshuka tangu asubuhi," akasema. "Amekunywa maziwa yote, anacheka."

"Nipe kisu, mama. Nakata huo uzi."

"Ukate kilichomponya? Una wazimu?"

"Sarafu ilikuwa ya maiti. Ya kitoto kichanga."

Akaingia ndani, akarudi na kisu. "Na mama yake aliifunga kwa nia kama yako. Haya, kata. Ila likitokea jambo usinitazame mimi."

Kisu nimekiweka chini, nimekichukua tena, nimekiweka. Naogopa kukata, naogopa kuacha. Semhal amelala, uzi uko shingoni, nami nimeinama juu yake naisugua sarafu kwa kidole gumba, upande wa kifuani, ilike kama ile ya mtoto aliyekua. Gumba linawaka moto, na uso wa mfalme haufutiki hata kidogo.