Shetani wa Sikio Moja

Anselmo alisema, tena mbele ya banda zima la wachongaji pale Mwananyamala, kwamba tangu azaliwe tezo yake haijawahi kukosea. Wengine wanakosea, alieleza, kwa kuwa wanagombana na mti. Yeye mti humwambia kwanza unataka kuwa nani, ndipo anakata. Alikuwa anamsema Nikodemu, jirani yake bandani, ambaye asubuhi hiyo alimvunja pua bibi kizee wa mpingo. Nikodemu alikuwa mtu wa Newala kama yeye. Alichukua msasa akaendelea kumpangusa bibi yake uso.

Kelele zote hizo zilikuwa na sababu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ushirika wao ungemchagua fundi mkuu, na Anselmo aliutaka ukuu huo kama mgonjwa anavyoutaka uji.

Labda mti ulimsikia. Alasiri hiyohiyo alikuwa anammalizia shetani wake wa mpingo, mdomo wazi bado anajisifu, tezo ikateleza na sikio la kushoto likaruka. Alilikanyaga upesi, akatazama huku na huku. Kila mtu ameinamia kazi yake. Hajapata hata la kufanya, akaingia Gaudens, Mhaya mwenye duka la vinyago mjini, ambaye bandani waliitana naye Ndugu akiwapo na kumwita bepari akishaondoka. Akamwinua yule shetani, akamgeuzageuza, akauliza sikio la pili liko wapi.

"Hana," Anselmo alisema, mguu ungali juu ya sikio. "Huyu tunamwita Msikia-Nusu. Umbea anausikia wote. Ukimwambia habari za kazi, anakugeuzia upande ule mwingine."

Gaudens alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akamnunua palepale, akaagiza wengine sita, na kabla ya kutoka akasema kwa sauti kwamba fundi wa namna hii ndiye wa kuwaongoza wenzake. Banda zima lilisikia. Anselmo alirudi nyumbani jioni hiyo anatembea katikati ya njia, kuku ndio wampishe.

Basi akachonga sita. Kila mmoja alimkata sikio la kushoto kwa unadhifu wake wote, akapiga msasa, akang'arisha kwa nta. Gaudens alipokuja baada ya wiki mbili akawapanga mstarini, akawatazama, kisha akawasogeza pembeni mmoja mmoja.

"Hawa wanajua wamekosa sikio," alisema taratibu. "Yule hakujua. Nitapita tena Ijumaa, fundi. Nataka ndugu zake yule."

Sasa uone mtihani wa mtu. Asiyewahi kukosea anatakiwa akosee, tena kwa bahati mbaya, tena kabla ya Ijumaa. Alijaribu kuchonga huku anapiga soga; tezo ikapita palepale alipoitaka. Akajaribu kukodolea macho wapita njia. Mkono ukaenda wenyewe kama ng'ombe anayejua zizi lake. Ulikuwa mkono mzuri, maskini, na ndio uliomponza. Akaacha hata kujisifu. Kilichomuuma hasa hakikuwa Gaudens. Ni kwamba yule shetani aliyeuzwa alikuwa mzuri kuliko wote aliopata kuwachonga, yeye mwenyewe aliliona hilo, na hakuwa amemkusudia.

Alhamisi mchana banda likawa tupu, wenzake wamekwenda kula. Anselmo akatoa khanga ya mkewe Yustina, aliyokuja nayo kwapani tangu asubuhi, akajifunga machoni mafundo mawili. Akamshika shetani mpya, akainua tezo, akapiga. Akapapasa. Sikio lipo, tena limekaa vizuri kuliko lilivyokuwa. Akanung'unika, akapiga tena. Hapo akasikia mtu anakohoa.

"Nani?" aliuliza, hathubutu kufungua khanga.

"Mie, Nikodemu. Leo sijaenda kula."

Anselmo alibaki vilevile, tezo hewani.

"Lile sikio la kwanza niliona lilivyoruka," Nikodemu aliendelea kwa upole. "Nikanyamaza, nikasema hiyo ni siri ya mtu mzima. Lakini kwa hili la khanga, ndugu yangu, ungeniita tu. Mie nakoseaga macho wazi."