Chumvi ya Benimaru

Samaki alikuwa amelala ubavu ndani ya beseni, na mimi sina chumvi ndani ya nyumba. Mwanamke mzima, nimepika tangu ujana wangu, sina hata chembe ya kutia kwenye yai! Aibu gani hii?

Lawama ni za daktari. Mwezi wa nne mume wangu Tokuji alipigwa na kiharusi, na alipotoka hospitali tukaambiwa chumvi marufuku. Mimi najijua: kitu kikiwa karibu, mkono wangu utakifikia tu. Basi nikafagia kabati lote. Chumvi, plamu za kuchachua, figili za pipani, dagaa wakavu, vyote nikampelekea dada yangu mji mwingine. Tukabaki tunakula wali na tofu ya soya isiyo na ladha, tunatazamana kama wafungwa.

Tokuji tangu siku hiyo upande wake wa kulia ulikufa, na maneno yakawa yanamtoka kwa taabu. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamwinua: Benimaru, samaki wake wa dhahabu, ranchu asiye na pezi la mgongoni, kichwa kimejaa vinundu kama tunda la forosadi. Kila asubuhi alijikokota na fimbo mpaka kwenye pipa uani, akaketi juu ya kreti, akamtazama mpaka chai ikapoa. Msichana anayekuja kumfanyisha mazoezi ya viungo aliniambia wazi, mama, siku mzee akiacha kuinuka hatainuka tena. Kwa hiyo nilijua ninachokilinda. Benimaru akifa, mzee wangu hana la kuinukia.

Sasa kimbunga kikaja, kikamwaga mvua baridi kama barafu ndani ya pipa usiku kucha. Asubuhi nikamkuta samaki amezama, amefumba mapezi, ana vidoadoa vyeupe ubavuni. Nikamhamishia kwenye beseni jikoni. Tokuji akaita kutoka chumbani, "Beni?" Nikamjibu hajambo, pipa nimelifunika, wewe lala, upepo mkali. Ningemwambia nini?

Nikampigia simu Kuramochi, mwenzake wa chama cha wafuga ranchu.

"Shemeji, ana unga mweupe?"

"Anao! Analala ubavu. Sema haraka, Kuramochi, roho inanitoka."

"Tulia. Mwogeshe maji ya chumvi. Gramu hamsini kwa lita kumi, uitie kidogo kidogo usije ukamshtua. Na chakula usimpe, hata akikulilia."

"Sina chumvi."

"Umesema huna nini?"

"Chumvi! Daktari kakataza!"

"Daktari kamkatazia mzee au kaikatazia nyumba nzima? Haya, nenda dukani."

"Duka gani, na mabati yanaruka huku? Wamefunga wote. Majirani wamekimbilia ukumbi wa shule. Nina mchuzi wa soya wa wagonjwa, wenye chumvi kiduchu, nusu chupa."

"Kwani shemeji unataka kumtibu au kumpika?"

Nikamkatia. Siku nyingine ningecheka, mwenyewe ananijua. Lakini Benimaru alikuwa anafungua mdomo na kuufunga polepole, na mimi nalia huku napekua. Chini ya sinki, nyuma ya friji, kwenye mkoba wa safari. Nikafika kwenye droo ya madhabahu ya wazee wetu waliokufa, palipo na ubani na mishumaa. Humo zimo zile pakiti nyeupe.

Kwetu ukitoka mazikoni unapewa pakiti ndogo ya chumvi, ujirushie kabla hujavuka mlango wako, kifo kisikufuate ndani. Mimi husahau mara nyingi, na kuzitupa naona vibaya, basi zinarundikana. Ukifika umri wetu droo inajaa. Nilikuwa na chumvi ya mwalimu wa watoto, ya fundi wa paa, ya ndugu wawili wa Tokuji.

Nilisita, nisiseme uongo. Chumvi ya maiti kumpa kiumbe ndiye anayemshika mume wangu duniani? Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Nikazibwaga mezani, nikaanza kuzichana moja moja, nikikoroga kwenye maji ya uvuguvugu, machozi yananidondoka humo humo. Nikawa naomba kwa sauti: usife, usife, wewe mnyama, usinifanyie hivi. Kitu kiligonga sakafu ushorobani, kama fimbo. Nikadhani ni upepo.

Nikayamimina maji hayo ya chumvi kwenye beseni taratibu. Nikangoja. Benimaru akatikisa mkia mara moja, akalala tena ubavu ule ule. Nikasema, basi, samaki ni wake, ana haki ya kumuaga. Nikafuta uso, nikaenda chumbani kumwambia ukweli.

Nikasimama mlangoni.

Tokuji alikuwa amelala chali, godoro lile lile, ila amejigeuza. Kichwa alikuwa amekielekeza kaskazini. Kwetu mtu aliye hai hatalala hivyo hata kwa fedha. Kaskazini huelekezwa maiti. Mto ameuburuta mpaka upande wa pili, shuka limesokotana, na ule mkono mzima ameuinua na kuuweka juu ya mkono uliokufa, kifuani. Jasho linamtoka. Macho amefumba.

"Tokuji! Nani kakugeuza?"

"Mwenyewe."

"Kwa nini? Bwana wee, kwa nini?"

Akahangaika na ulimi. "Nilifika... jikoni. Nimeona... chumvi ya mazikoni. Nikajua... ni yangu. Unalia." Akavuta pumzi. "Mimi mzito, Masuyo. Nikifa... kunigeuza... peke yako... na kimbunga hiki... hungeweza."

Nilimpiga. Ndiyo, nilimpiga mgonjwa, begani, upande usiosikia, nikampiga tena na tena, nikapiga magoti pale mkekani nikilia kwa sauti kama mtoto. "Mzee mjinga wewe! Chumvi ya samaki! Ya Benimaru! Anaumwa, anakufa, nami nimekuficha tangu asubuhi! Nani kakuambia nakuzika? Nani kakuambia nimechoka nawe?"

Akafumbua macho. Akanitazama muda, kisha akatazama mlango wa jikoni. Mkono wake wa kushoto ukatoka kifuani, ukaanza kupapasa mkeka, unaitafuta fimbo.

"Anaumwa," akasema, "na hukuniita?"

Alikuwa amekasirika kweli kweli. Nilipomshika kwapani nimsaidie kusimama, akanisukuma.