Mtandao wa Mama Jenipher

Jumatatu moja ya msimu wa kabichi, Esteria alikuwa ameinama shambani kwake akipalilia, wakati dalali Salvatory alipopita njia ya juu ameinua simu yake hewani kama mtu anayekausha soksi. Simu za mkononi zilikuwa bado ngeni milimani. Lushoto mjini zilishika. Shume zilishika ukipanda juu ya rundo la magogo. Kwemtindi, kijiji kilichojibanza bondeni nyuma ya msitu wa misonobari, hazikushika popote. Salvatory alikuwa mtu wa haraka, lakini mama yake alimlea, kwa hiyo alisimama akaamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za utokako?"

Simu ikalia mkononi mwake.

Alizungumza na mtu wa soko la Kariakoo habari za bei ya kabichi. Aliposogea pembeni kutema mate, simu ikakatika. Aliporudi, ikashika. Akamzunguka Esteria kwa upande wa kushoto, kisha wa kulia, yeye akiendelea na jembe lake, na kufikia mchana jambo lilikuwa limethibitika: mtandao ulikuwa kwa Esteria, kuanzia begani mpaka umbali wa mpini wa jembe.

"Mama, una mtandao," alimwambia, kama anavyoambiwa mtu mwenye jani kichwani.

"Haya," alijibu Esteria, akaendelea kupalilia, maana magugu hayangoji.

Kwemtindi walikuwa wameshaona mengi. Enzi za Mjerumani waya wa simu ulipita juu ya kijiji ukiwa na maneno ya wakubwa, wala haukusimama. Enzi za ushirika bei za mazao zilitangazwa redioni, mazao yakiwa yameshaoza ghalani. Kisha likaja soko huria. Ushirika ukafa, na wakaja madalali na malori yao na lumbesa, yaani gunia linaloshonewa kichwa juu mpaka linabeba karibu magunia mawili na bado linaitwa moja. Kila kilichovumbuliwa duniani kilikuwa kikipita juu ya vichwa vya watu wa Kwemtindi. Hiki cha sasa kilikuwa cha kwanza kutua kichwani.

Masharti yake hayakuwa magumu. Kila asubuhi mwenye simu alitakiwa kumwamkia Esteria shikamoo, naye aitikie marahaba. Bila hivyo, simu ilisema mteja hapatikani. Kwa vijana haikuwa shida. Shida ilikuwa kwa Mzee Timotheo, mwenyekiti wa kijiji, ambaye alimzidi Esteria umri, na ambaye tangu Esteria awe na akili alikuwa akiamkiwa yeye. Asubuhi ya kwanza Esteria alimwamkia kama kawaida, mzee akaitikia kwa sauti nzito, na simu yake ikabaki kimya kama kipande cha sabuni. Mzee Timotheo akaenda nyumbani kutafakari. Kesho yake alirudi akaeleza kwamba amekumbuka vizuri: kumbe alizaliwa baada ya ile njaa kubwa, si kabla. Akamwamkia Esteria shikamoo, akampigia simu mwanawe wa Tanga. Mwaka ule wanaume wengi wa Kwemtindi walipungua umri, na wawili kati yao waliomba kuhamia kwaya ya vijana.

Wakulima nao walinunua simu. Waliuza mbuzi, wakapanga foleni kwenye tuta la Esteria, wakaulizia bei ya Kariakoo wenyewe. Zamani walikuwa wakipunjwa gizani; sasa walipunjwa wakijua kila kitu. Lumbesa haikupungua hata kabichi moja, kwa sababu lori lilikuwa la dalali, na bei haijawahi kubeba gunia mgongoni.

Habari zikafika kwa kampuni ya simu. Wakamtuma afisa kijana mwenye tai, jina lake Clemence, na kifaa cha kupimia. Akapima bega la kulia, akapima la kushoto, akaandika. Alisema kampuni ilikuwa na mpango wa kujenga mnara Kwemtindi, lakini sasa amefurahi kuona mnara upo. Kwa kuwa minara yote hupakwa rangi nyekundu na nyeupe ndege zisije zikaigonga, alimkabidhi Esteria kitenge cha mistari myekundu na myeupe. Kwa kuwa minara hulindwa, aliajiri mlinzi, Rubeni, jirani wa Esteria, akapewa koti na rungu. Rubeni alilipwa kila mwezi, kwa kuwa mlinzi ni mtu. Mnara haulipwi.

"Na mimi nikitaka kupiga simu?" aliuliza Esteria.

Clemence alimpa simu yake. Esteria akaiweka sikioni. Kimya.

"Mnara haupigi simu, mama," alisema Clemence kwa upole, akamwamkia tena ili ampigie bosi wake.

Esteria angevumilia. Mtu aliyezoea kubeba mzigo wa kuni kutoka Shume hasumbuliwi na maongezi ya watu. Lakini alikuwa na mtoto mmoja, Jenipher, aliyeolewa Magoma, kule chini kwenye joto, na Jenipher alikuwa na mimba ya kwanza. Mwenye uzazi wa kwanza husimamiwa na mama yake, hilo halijadiliwi. Mama ndiye anayejua kumkanda, kumpikia, na kuwafukuza wageni wanaokaa mno. Siku moja Salvatory aliitoa simu sikioni akasema, "Mama, ni Jenipher. Anasema miguu imemvimba, na mwezi ndio huu. Anasema uje."

"Mwambie nakuja."

"Anasema anaogopa, mama."

"Mwambie nakuja, nimeshasema!"

Esteria akaenda kuaga kwa mwenyekiti. Mzee Timotheo alisikitika sana. Kabichi zilikuwa zimekomaa, malori yalikuwa yakingojwa, na bila simu nani angejua lori liko wapi?

"Lakini hakuna wa kukuzuia, Mama Jenipher," alisema. "Sisi si watu wa kuzuia watu."

Alikuwa mkweli. Alfajiri Esteria alifika kwenye kituo cha basi linaloteremka Mombo, akiwa na unga wa uji, khanga kuukuu za kumfunika mtoto, na kuku wa supu. Akakuta kijiji kizima kimesimama kwenye mstari, kimeoga. Hakuna aliyemshika mkono. Wa kwanza aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Sasa, Usambara shikamoo haiachwi hewani. Anayeiacha bila kuitikia amemtakia mwenzake mabaya, na hata wachawi, kwa wanaowafahamu, huitikia kwanza. Wala haiitikiwi kwa jumla au huku unatembea. Kila mtu ana marahaba yake, na baada ya marahaba unamwuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, na kile kikohozi. Esteria alitua mzigo akaanza kuitikia. Kondakta alimngoja, maana naye alilelewa, kisha akatumia nafasi hiyo kupiga simu Mombo. Mwishowe basi likaondoka, yeye bado akiitikia.

Kesho yake ilikuwa hivyohivyo. Siku iliyofuata Esteria alijaribu njia ya miguu ya msituni, lakini kwenye kila kona alikutana na mtu aliyekuwa akitafuta kuni, na kila mtafuta kuni alikuwa na adabu zake. "Onga makeo," walimwamkia wazee kwa Kishambaa, kisha wakaongeza shikamoo, kwa usalama. Alijaribu kuziba masikio kwa pamba, lakini mtu akiinama mbele yako unamwona. Alijaribu kufumba mdomo. Marahaba ikatoka yenyewe.

Rubeni mlinzi alimwonea huruma. "Dada, si usiitikie tu?"

"Wewe unaweza?"

Rubeni alishusha rungu lake chini. "Siwezi," alisema.

Walimfunga mwanamke yule kwa heshima, na mimi sijaona kamba ngumu kuliko hiyo. Wangempiga, angelia, na serikali ingekuja. Wangemtukana, angejibu. Lakini walimwinamia, wakampisha njiani, wakamletea kiti, na ilikuwa aibu tupu.

Siku lori la mwisho lilipokuwa likipakiwa, Esteria alikuwa ameketi juu ya furushi lake kando ya barabara, amevaa kitenge chake cha mistari, kuku wa supu ameanza kutaga. Simu ya Salvatory ikalia. Alisikiliza, akatabasamu.

"Mama, hongera. Jenipher amejifungua. Wa kike. Wote wazima."

Esteria alishika kichwa kwa mikono miwili akalia. Watu wa foleni walisubiri kwa adabu, kwa kuwa alipokuwa akilia mtandao ulikatakata.

"Mtoto analia?" aliuliza alipopata sauti.

Salvatory alibana simu sikioni. "Analia."

"Analia vipi?"

"Kwa nguvu."

"Kwa nguvu ya njaa au ya kuchoka? Sikiliza vizuri, mwanangu. Ya njaa inapanda. Ya kuchoka inashuka."

Salvatory hakuwa na mtoto, lakini alifumba macho akajitahidi. "Naona kama inapanda," alisema. "Inapanda, halafu kidogo ina—" Akaitazama simu. "Subiri kidogo, mama. Kariakoo wanaita."

Akamgeuzia mgongo, akaziba sikio la pili kwa kidole, akaanza kupiga kelele za bei. Esteria alibaki amemkazia macho mgongoni. Aliyefuata kwenye foleni akasogea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Esteria. "Na kile kikohozi?"