Padri Bila Altare

Mkono wa Lambert ulitetemeka hata spoku ya baiskeli ikakataa kuingia tunduni. Tangu jana hakuwa ameonja kanyanga, na kiu ya pombe ile kali ilimwandama kama mbwa mwenye njaa.

Mwaka wa 1984 ulikuwa wa tatu tangu Askofu amzuie kuadhimisha misa kwa sababu ya ulevi. Alipanga chumba katika mtaa wa Mbunya, akatengeneza baiskeli. Waumini waliogombea viti vya mbele siku ya misa yake ya kwanza sasa walivuka barabara wakimwona. Mama Kaswera tu, muuza vitenge kutoka Butembo, ndiye aliyemletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila Jumapili na kumwita Padri. Lambert alimkemea, Kaswera alicheka, akaweka sahani, akaenda zake.

Siku hiyo alikuja mbio, kilemba kimelegea.

"Padri, bwana yangu iko anakufa. Anataka kuungama."

"Nenda misioni, mama."

"Mapadri wote wako Mahagi mu mafungo. Ni weye tu."

"Mimi nilikatazwa."

"Walikukataza altare. Upadri walikutoa?" Kaswera alimkazia macho. "Padri Marcellin alitufundisha: mutu akiwa anakufa, hata padri aliyekatazwa anaweza kumuondolea zambi. Ao alitudanganya?"

Hakuwa amedanganya. Lambert alilijua jambo hilo tangu seminari, ila alilizika makusudi. Aliyeanguka hupata nafuu akiamini kwamba ndani yake hakuna tena cha kuombwa. Akanawa grisi, akamfuata.

Katsuva, mume wa Kaswera, alikuwa mkekani, akikokota pumzi. Lambert akainama, akamtegea sikio. Aliyoyasikia yalibaki kwao wawili na Mungu. Alichelea kwamba maneno ya maondoleo yamemtoka akilini, lakini alipoinua mkono yalikuja yenyewe, mazima. Mkono ulitetemeka, maneno hayakutetemeka.

"Aksanti, Padri," Katsuva alinong'ona. Saa sita mchana akakata roho.

Kaswera alilia hadi sauti ikamkauka. Kisha akamshika Lambert mikono yote miwili.

"Aksanti. Amekwenda vizuri."

"Ni mimi wa kushukuru, mama. Miaka mitatu hukuacha kuniita Padri. Pombe siiwezi peke yangu. Utanisindikiza kwa Askofu nikaombe msaada?"

"Tuzike kwanza. Kisha tutaenda, siye wawili."

Lambert akakunja mikono ya shati, akawafuata wanaume waliobeba majembe.