Sauti ya Sudi Ndani ya Kinanda

Niliisikia sauti ya marehemu mume wangu siku ya Jumatano, saa saba mchana, nimekaa ukumbini nasuka ukili na wifi yangu Biubwa. Ilitoka chumba cha mbele. Ilikuwa nzito, ya kuvutwa, kama mtu anayesema akiwa ndani ya kisima. Lakini kabla ya kusema ilikohoa mara mbili, na kikohozi kile nimelala nacho miaka. Sudi ana mwaka wa tatu kaburini. Vidole vyangu vilisimama.

Biubwa hakuinua kichwa. "Jana wageni wako walikuwa wakigonga masufuria," akasema. "Leo naona wamekamata ng'ombe."

Nikacheka, meno tu.

Wageni wenyewe ni bendi, vijana watatu wa Dar es Salaam. Walipanga vyumba vyangu viwili vya mbele kwa mwezi mzima kwa sababu kijiji chetu cha Kiegeani ni kimya. Mkubwa wao, Luqmani, kijana mpole asiyenipita bila shikamoo, alinieleza kazi yao siku ya kwanza. Wanapiga roki, ile inayomtoa mtu akilini akaona rangi hali hajaonja kitu. Nikasema astaghfirullah, akacheka. Albamu zao mbili za mwanzo walizifanya kwa magitaa. Hii ya tatu itakuwa ya vinanda vya umeme vitupu. Vinanda hivyo vilijaa chumba, nyaya zimetapakaa sakafuni kama utumbo wa papa. Chochote chenye sauti wanakiingiza humo, wanakivuta, wanakipindua, kisha kila kitufe wakibonyeza kinaitoa sauti ile, huku nene, huku nyembamba. Waliingiza kinu changu. Waliingiza mlango wa uani unaolia. Sikuona ubaya.

Sasa walikuwa wamemwingiza Sudi.

Kinanda kikakohoa tena. "Na-ku-paaa." Mtu asiyejua asingelitambua neno; kwake ni mngurumo tu. Mimi nilijua linalofuata, maana maneno yale nimeyahifadhi kama sura. "Ta-la-ka mo-jaaa." Kikarudia. Kikarudia tena. Nikajikuta nahesabu, na ilipopita ya tatu jasho lilinitoka mgongoni. Najua chuma hakina nia, wala maiti hatoi talaka. Nilijua hata pale. Lakini ukili ulikuwa umeniponyoka.

"Una nini, wifi? Umekuwa kama jivu."

Nikaanza kumswalia Mtume kwa sauti kubwa ili niifunike ile nyingine. Biubwa akaitikia, maana thawabu haimpiti. Kisha akakumbuka mihogo yake jikoni, akaondoka. Nyumba yake na yangu zinatazamana, ua ni mmoja.

Inanibidi niseme nilichokificha miaka ishirini na sita. Sudi alikwenda kufanya kazi Maskati, na kwa kuwa hakujua kuandika, barua zake alizisema kwenye kanda akawapa watu wanaorudi. Mwaka wa tatu likaja kanda la hasira. Ameambiwa kwamba fundi wa paa anaingia kwangu hata siku ambazo hakuna makuti ya kuezeka. Ulikuwa uongo. Mwisho wa kanda akanipa talaka moja.

Sikumwambia mtu. Nilijifanya mgonjwa, nikakaa ndani, nikaihesabu eda yangu peke yangu, tohara tatu, siku zake nikizishika kwa mwezi tunaouona sisi hapa. Ilipokwisha ndipo likaja kanda la pili. Sudi analia, anaomba radhi, anasema amenirejea, na anaitaja tarehe aliyonirejea. Nikapiga hesabu: siku moja kabla eda yangu haijamalizika.

Siku moja. Lakini tarehe ile ilikuwa ya mwezi wa Maskati, na mwezi wa kule na wa kwetu haikubaliani kila mara. Ikiwa kule uliandama nyuma yetu, basi alinirejea nimeshatoka edani, na hapo hairejewi, hufungwa ndoa mpya. Sisi hatukufunga. Siku ya wiki ndiyo ingekata shauri, na aliitaja, ila kwa furaha sikuishika. Alhamisi? Ijumaa? Akarudi, tukaishi miaka ishirini, Mungu hakutujaalia mtoto, na kila Ramadhani nilijiambia nitalisikiliza tena kanda lile. Niliogopa jibu. Nikayaweka yote mawili ndani ya bati la biskuti, juu ya kabati.

Kabati liko chumba cha mbele.

Niliingia bila hodi. Luqmani alikuwa peke yake, wenzake wamekwenda kuoga baharini. Bati langu lilikuwa juu ya kinanda, wazi. Nikamuuliza kanda amelitoa wapi. Akasema juu ya kabati, akaomba radhi; alidhani ni mchezo wa redio wa zamani, mume anamwacha mkewe, na sauti ya yule mwigizaji ilimkaa moyoni. Ameifanya roho ya albamu nzima, wimbo wa dakika kumi na mbili.

"Huyo si mwigizaji, mwanangu. Ni mume wangu. Na mke ni mimi."

Akainuka, akakaa, hajui mikono aiweke wapi. Nikamuuliza la pili liko wapi, lile lenye alama ya wino mwekundu. Nilikuwa nimeshaamua. Kama siku ya hesabu ni leo, basi iwe leo.

Alilitia kwenye redio yao ya kanda, akabonyeza. Nilingoja kikohozi. Kilichotoka ni kinanda, sauti ndefu inayopanda na kushuka kama maji yakiingia sikioni. Kanda kuukuu huupa muziki kutu wanayoipenda, akasema kwa sauti ndogo. Jumapili walirekodia juu yake, pande zote mbili. Hawakusikiliza kwanza lina nini.

Nikakaa kitandani. La kuniacha lilikuwepo, la kunirejea halikuwepo. Nikaona kwamba hata nikifa leo, yaliyobaki duniani kwa sauti ya Sudi kuhusu mimi ni talaka, nayo itapigwa kwenye simu za watu kutoka hapa hadi Juani, na ipo siku mtu atakitambua kikohozi chake.

"Futa," nikamwambia.

Akageukia mashine yake. Ili afute ilimbidi afungue vipande kimoja kimoja, na kimoja kikajicheza kwa mwendo wake wa asili, safi, kama Sudi amekaa nasi: "Dada Biubwa ndiye aliyeniletea habari ya fundi. Na Biubwa hawezi kunidanganya."

Biubwa alikuwa mlangoni, ameshika bakuli la mihogo ya nazi.

Aliliweka chini taratibu. Alisikia na kilichofuata, talaka yenyewe, maana Luqmani alikosea kitufe hata akachelewa kuzima. Tukatazamana, wanawake wawili wazee.

"Ulijua ni mimi?" akauliza.

"Tangu siku ile."

"Na futari ukanipikia miaka yote."

"Ulikuwa wifi yangu," nikasema. "Au nilidhani hivyo."

Nikamweleza habari ya siku moja, na ya mwezi wa Maskati, na ya kanda lililofutika. Alisikiliza ameshika kizingiti. Kisha akaja karibu, akanong'ona kwa haraka. Hilo la pili limekwenda, na hili kijana alifute, basi limekwisha. Yeye atafunga mdomo na mimi nifunge wangu. Nikilitoa nje watu watasema nililala na ndugu yake bila ndoa. Watasema eda niliyomkalia alipokufa ilikuwa ya mke wa mtu gani. Na yeye watamtemea mate.

Alikuwa anasema kweli. Niliyaogopa yote aliyoyataja, na niliyaogopa nikiwa nimekaa pale pale. Lakini la kuuliziwa kaburini yeye hawezi kunijibia.

Luqmani akafuta mbele yangu. Nikatawadha, nikaswali alasiri, nikavaa buibui. Biubwa alinifuata hadi kwenye minazi ya msikiti akinisihi, kisha akanyamaza, lakini hakurudi nyuma. Nikasikia ndara zake nyuma yangu njia nzima.

Sheikh Abeid alitukaribisha barazani, mkewe akatuletea mkeka. Watu wakimwendea kwa mambo haya huanza kwa kusema, kuna mwanamke mmoja. Nilikuwa nimelipanga hivyo njiani.

"Sheikh," nikasema, "nina suali la talaka. La kwangu mwenyewe."